Staa akikaribia kutundika daluga: miaka ya mwisho ihesabiwe au itupwe?

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Mombasa anayeishi Missouri, Marekani: "Mwanangu ana miaka 13, anacheza besiboli, na kwake Albert Pujols ndiye mfalme. Kazini kuna jamaa ananiambia Pujols aliisha 2011, miaka 10 iliyofuata alikuwa akivuta mshahara tu, mpaka wastani wake ukaanguka chini ya .300. Na kila mwaka mkongwe mwingine akitangaza kuaga, ubishi ni ule ule. Mtu kama huyu anapimwaje? Miaka ya mwisho niihesabu au niitupe?"

Ihesabu, ndugu yangu, ila usiitie kapu moja na ile ya mwanzo. Mwanao anasoma jumla, mwenzako anasoma wastani, na wote wawili wana namba za kweli mkononi. Ndiyo maana hawatakubaliana hata mkiketi mpaka alfajiri. Tumchukue Pujols mwenyewe, kwa kuwa daftari lake limeshafungwa. Ukiona anavyopimwa yeye, utaweza kumpima yeyote.

Kwa wasioujua mchezo, maneno manne tu. Hiti ni pale mpigaji anapougonga mpira akafika besi salama kwa pigo lake mwenyewe, si kwa kosa la mlinzi. Homurani ni mpira uliovuka ukuta, mpigaji akazunguka besi zote kwa raha zake. Mikimbio aliyoleta ni watu waliofika nyumbani kwa sababu ya pigo lake, mwenyewe akiwemo. Wastani ni hiti kugawanya kwa zamu za kupiga: .300 ni hiti 3 katika zamu 10, na tangu enzi za mababu huo ndio mpaka wa mpigaji wa kuogopwa. Aliyezoea kriketi ya Nairobi au Kampala atashangaa kwamba kushindwa mara 7 kati ya 10 ni sifa, lakini ndivyo ulivyo mchezo huu.

Sasa fungua ukurasa wa Pujols wenye takwimu za msimu kwa msimu. Usianzie mstari wa chini wenye jumla. Watu wengi huanzia huko, na huko ndiko wanakopotelea. Chukua kalamu uchore mstari baada ya msimu wa 2011, alipoondoka St. Louis Cardinals.

Juu ya mstari kuna misimu 11. Zamu 6,312, hiti 2,073, wastani .328, homurani 445, mikimbio aliyoleta 1,329. Chini ya mstari kuna misimu mingine 11: karibu kumi akiwa Los Angeles Angels, miezi kadhaa ya 2021 akiwa Dodgers, kisha 2022 alirudi St. Louis kuaga. Zamu 5,109, hiti 1,311, wastani .257, homurani 258, mikimbio 889. Jumlisha vipande viwili: hiti 3,384, homurani 703, mikimbio 2,218, wastani .296.

Zitazame homurani na wastani kwa makini. Zamu zile zile 5,109 zimempandisha kwenye orodha ya homurani mpaka nafasi ya 4 katika historia ya ligi kuu, nyuma ya Barry Bonds mwenye 762, Hank Aaron 755 na Babe Ruth 714. Na zamu hizo hizo zimeushusha wastani wake pointi 32. Jumla haishuki, inapanda tu, kwa hiyo humpendelea aliyekaa sana. Wastani humwadhibu. Hakuna kilichosema uongo. Ni kama kumpima mtu kwa mizani asubuhi na kwa futi jioni, kisha ukauliza kipi kimekosea.

Baada ya kuchora mstari, jiulize swali moja: angestaafu siku ile, Oktoba 2011, angekuwa na nafasi kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli kule Cooperstown? Sharti la chini ni misimu 10 kwenye ligi kuu. Yeye alikuwa na 11. Alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mara 3 (2005, 2008, 2009), bingwa wa dunia mara 2 (2006, 2011), na katika kila msimu wa 10 ya kwanza alipata wastani wa .300 au zaidi, homurani zaidi ya 30 na mikimbio zaidi ya 100. Msimu wa 11 aliikosa rekodi hiyo kwa unywele: .299 na mikimbio 99. Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers, alistaafu 1966 akiwa na miaka 30 tu kwa sababu ya ugonjwa wa kiwiko, na ushindi wake ulikuwa 165, namba ambayo kwenye orodha ya jumla ni ndogo kabisa. Mwaka 1972 wapiga kura walimwingiza bila kusita, kwa sababu ya vile alivyokuwa katika miaka yake ya mwisho. Pujols wa 2011 alikuwa na zaidi ya hapo. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, tena bila ubishi.

Jibu likishakuwa ndiyo juu ya mstari, yaliyo chini ya mstari hayawezi kulifuta. Yanaweza kuongeza, au yasiongeze kitu. Hapo ndipo ninapoachana na jamaa yako wa kazini. Nyumba iliyokwisha kuezekwa haibomoki kwa sababu fundi aliendelea kupaka rangi vibaya kwenye uzio.

Ila usikimbilie kumwambia mwanao ameshinda. Tazama kilichotokea chini ya mstari, na kwa nini.

Desemba 2011 Pujols, akikaribia miaka 32, alisaini Angels mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 240. Wapigaji wengi huwa kileleni kati ya miaka 26 na 29, kwa hiyo mkataba ule ulinunua machweo kwa bei ya mchana. Mwaka 2013 unyayo ulimsumbua mpaka msimu wake ukakatika. Mtu asiye na miguu hupoteza vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni nguvu ya pigo, kwa kuwa nguvu huanzia chini ikapanda kiunoni kabla ya kufika mikononi. Cha pili ni zile hiti za bure ambazo mwepesi huzipata kwa kukimbia tu. Juu ya hayo, timu zikaanza kupanga walinzi upande mmoja wa uwanja, kule ambako mpigaji hupenda kuvutia mpira. Pujols alipiga kwa mkono wa kulia, akiuvuta mpira kuelekea kushoto, na kwa kuwa alikuwa mzito, walinzi walisimama mbali na bado wakamwahi. Upangaji huo ulibanwa na kanuni mpya za 2023, mwaka mmoja baada yake kuondoka. Matokeo yake ni rekodi ambayo hakuna anayeiandika kwenye fulana: hakuna aliyewahi kugonga mpira wa chini uliowatoa wachezaji wawili kwa mara moja zaidi yake. Alifanya hivyo mara 426.

Msimu wa 2017 utundike ukutani, maana ndani yake umo mtego unaowanasa hata wachambuzi wa televisheni. Mwaka ule Pujols alileta mikimbio 101. Shabiki wa kawaida akiona mikimbio zaidi ya 100 anasema mzee bado yumo. Ukigeuza jicho kidogo kulia kwenye mstari huo huo: wastani .241, na kiwango cha kufika besi .286, yaani katika kila mara 100 alizosimama kupiga alitolewa zaidi ya mara 71. Mikimbio 101 ilitoka wapi? Angalia nani alikuwa akipiga mbele yake kwenye orodha: Mike Trout, ambaye mwaka ule alifika besi kwa kiwango cha .442. Ukimkuta mtu wa namna hiyo besini kila mara, hata pigo hafifu linamleta nyumbani. Vipimo vya jumla vya thamani vilimpa Pujols namba hasi msimu ule, maana yake timu ingepata zaidi kwa kumpandisha kijana wa kawaida kutoka ligi ya chini. Kwa hiyo ukipima mkongwe, mikimbio aliyoleta iwe ya mwisho kuitazama, si ya kwanza. Hiyo ni namba ya watu wawili iliyoandikwa kwa jina la mmoja.

Suala la mshahara liweke kwenye daftari lingine kabisa. Kama Angels walilipa kuliko walichopata, na ni kweli, hilo ni swali la mwenye timu na washauri wake. Mchezaji hakujisainia hundi.

Sasa tuje kwenye hivyo vipimo vya thamani, maana utavikuta kila mahali. Kinachotajwa zaidi kinaitwa WAR. Huchukua kupiga, kukimbia, kulinda na nafasi anayocheza mtu, kisha huuliza: timu imepata ushindi mwingapi zaidi kuliko ingemweka mchezaji wa akiba anayepatikana popote? Pujols ana takribani 101 kwa hesabu ya tovuti ya Baseball-Reference, na kati ya hizo takribani 86 ziko juu ya mstari wetu wa 2011. Zaidi ya asilimia 80 ya thamani yake ilipatikana katika nusu ya maisha yake ya mpira. Jamaa yako wa kazini ana haki hapo, na mwambie hivyo.

Tahadhari moja: FanGraphs nao wana WAR yao, na kwao Pujols yuko karibu na 90. Hakuna aliyekosea. Wanatofautiana hasa katika kupima ulinzi, jambo ambalo kwa misimu ya zamani hukisiwa zaidi kuliko kupimwa. Ukilinganisha wachezaji wawili, chukua namba zote kutoka tovuti moja. Na tofauti ya pointi 2 au 3 isikuvunjie urafiki na mtu. Chini ya 5 mimi huwahesabu wako sawa.

Kipimo ninachokipenda zaidi kwa kazi hii ni JAWS, alichobuni mwandishi Jay Jaffe. Unachukua WAR ya maisha yote, unaongeza WAR ya misimu 7 bora (si lazima ifuatane), unagawa kwa 2. Uzuri wake ni kwamba kinawapa haki wote wawili, aliyewaka kwa muda mfupi na aliyedumu. Misimu 7 bora ya Pujols inafika takribani 61. Basi 101 na 61 ni 162, nusu yake 81. Wastani wa walinzi wa besi ya kwanza waliomo Cooperstown ni hamsini na ushee. Aliye juu yake katika nafasi hiyo ni mmoja tu, Lou Gehrig wa Yankees. Mwanao anapomwita mfalme hatii chumvi nyingi.

Hata hivyo, WAR hainishawishi ikiwa peke yake. Lazima ujue mtu alicheza wapi, lini na nafasi gani.

Wapi: Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, karibu na kimo cha Nairobi, hewa ni nyepesi na mpira unapaa. Larry Walker alicheza huko kwa miaka mingi, na wapiga kura walimshuku kiasi kwamba aliingia 2020, mwaka wake wa 10 na wa mwisho kwenye karatasi ya kura. Ukiona namba nono, uliza kwanza uwanja wa nyumbani ulikuwa upi.

Lini: miaka ya mwanzo wa 2000 mikimbio ilikuwa mingi kuliko miaka 10 baadaye. Kipimo cha upigaji kiitwacho OPS+ kinasawazisha hilo pamoja na viwanja, 100 ikiwa ni mchezaji wa wastani wa ligi mwaka huo. Pujols wa 2001 hadi 2011 alikuwa na 170, asilimia 70 juu ya wastani kwa miaka 11 mfululizo. Wala nguvu hiyo hakuinunua kwa kukosa mipira: 2006 alipiga homurani 49 na alitolewa kwa straiki tatu mara 50 tu. Siku hizi mpigaji wa homurani 49 unamkuta ametolewa hivyo mara 150 na zaidi, na hakuna anayeshtuka.

Nafasi: besi ya kwanza huwekwa mtu anayepiga sana hata kama hana mbio, kwa hiyo huyo lazima apige kweli kweli. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni mambo mengine. Yadier Molina, rafiki wa Pujols aliyestaafu naye siku zile zile za 2022, alimaliza na wastani wa .277 na homurani 176. Ukimweka kwenye mizani ya besi ya kwanza anaonekana mtu wa kawaida. Lakini alidaka misimu 19 kwa timu moja, akashinda glavu ya dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, mara 9, na yeye na mrushaji Adam Wainwright walianza mechi 328 pamoja, rekodi ya ligi. Kazi ya mdakaji ya kuongoza warushaji, kuchagua mpira gani urushwe na kuwatisha wakimbiaji wasithubutu kuiba besi haimo yote kwenye WAR. Kwa wadakaji mimi hulegeza kamba, na ninajua wapo wasiokubaliana nami.

Warushaji pia wana mtego wao, idadi ya ushindi. Zamani 300 ndiyo ilikuwa tiketi. Wa mwisho kuifikia ni Randy Johnson, 2009, na kwa jinsi warushaji wanavyotolewa uwanjani mapema siku hizi, sioni wa kumfuata karibuni. Mwaka 2018 Jacob deGrom alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, akiwa na ushindi 10 na vipigo 9, kwa sababu aliruhusu mikimbio 1.70 tu kwa kila mechi kamili huku timu yake ikishindwa kumfungia. Kwa mrushaji anayeaga, tazama mikimbio anayoruhusu ikilinganishwa na ligi ya wakati wake, tazama duru anazorusha, kisha waliotolewa kwa straiki. Ushindi uache kwa wenye timu.

Mechi za mtoano zipewe uzito, ila usisahau kwamba mtu hafiki huko peke yake. Oktoba 17, 2005, Houston, Cardinals walikuwa pumzi moja kutoka kutolewa: duru ya 9 ambayo ni ya mwisho, wawili kati ya watatu wameshatoka. Pujols aliukuta mpira wa Brad Lidge katikati ya njia, akaupeleka juu kabisa karibu na paa, mikimbio 3 kwa pigo moja, uwanja mzima ukanyamaza kama msibani. Cardinals walishinda usiku ule. Mechi iliyofuata walitolewa. Pigo lile linakumbukwa kuliko mashindano yenyewe, na hakuna namba ya kuliwekea. Mwaka 2011, mechi ya 3 ya fainali kule Arlington, alipiga homurani 3 katika mechi moja ya fainali, jambo ambalo kabla yake walikuwa wamelifanya Babe Ruth na Reggie Jackson tu. Halafu akaenda Angels, na katika misimu yake yote huko timu ilifika mtoano mara moja, 2014, ikafungwa mechi 3 kwa 0. Je, makali ya mtoano yalimwisha? Huwezi kusema mtu kasahau kuogelea wakati hajapelekwa baharini.

Sasa tahadhari kubwa zaidi, nayo inahusu sisi watazamaji. Mkongwe akitangaza kwamba msimu huu ni wa mwisho, akili za watu hulainika. Kila uwanja unampa zawadi, kila pigo linapigiwa makofi, na namba za duara zinageuka miungu. Pujols alianza 2022 akiwa na homurani 679. Kanuni mpya ya mwaka ule ndiyo iliyomfungulia mlango. Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu na wanamocheza Cardinals, iliruhusu kwa kudumu mpigaji maalumu asiyelinda, na bila hiyo St. Louis isingekuwa na pa kumweka mtu wa miaka 42 aliye mzito. Mkataba ulikuwa wa dola milioni 2.5. Walimtumia zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao tangu zamani aliwaona vizuri. Hadi mapumziko ya katikati ya msimu alikuwa na homurani 6. Kisha akapiga 18. Septemba 23 huko Los Angeles alipiga ya 699 dhidi ya Andrew Heaney, na duru iliyofuata ya 700 dhidi ya Phil Bickford, kwenye uwanja wa timu iliyompa hifadhi mwaka uliotangulia.

Ilipendeza, nami simlaumu aliyelia. Lakini jiulize: angebaki 697, angekuwa mchezaji mwingine? Hapana. Namba 700 inabadili kichwa cha habari, haibadili mchezaji. Vivyo hivyo .300 anayoililia mwenzako. Mickey Mantle aliaga na .298 kwa sababu ya misimu michache ya mwisho yenye magoti mabovu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemtoa Mantle kwenye orodha ya wakubwa. Willie Mays, ambaye wengi humwita mchezaji kamili kuliko wote, msimu wake wa mwisho wa 1973 alipiga .211. Picha ya Mays akiyumba uwanjani mwaka ule hutajwa kila mara kama onyo kwa wanaochelewa kuondoka. Mimi naona onyo lile limetiwa chumvi. Mays hakupoteza kitu ila kazi.

Ndiyo maana nimeipenda kanuni ya Cooperstown ya kusubiri miaka 5. Mtu akishaacha kucheza, jina lake haliingii kwenye kura mpaka joto la kuaga lipoe. Wanaopiga kura ni waandishi wenye miaka 10 ya uanachama kwenye chama chao, kila mmoja anaruhusiwa majina yasiyozidi 10, anayetaka kuingia anahitaji asilimia 75, na asiyepata asilimia 5 anaondolewa. Jina hubaki kwa miaka 10 tu. Kabla ya 2014 ilikuwa 15. Pujols atakuwa kwenye kura ya 2028. Ataingia mara ya kwanza, hilo halina shaka kwangu. Kinachobaki ni kama atapata kura zote. Hadi leo ni Mariano Rivera pekee aliyepata, 2019. Derek Jeter alikosa kura moja, 2020. Ichiro Suzuki naye alikosa moja, 2025, akiwa na 393 kati ya 394. Daima hutokea mtu mmoja.

Kuna pia kipengele cha tabia. Wapiga kura huambiwa wazingatie uadilifu na uanamichezo, na hapo ndipo Barry Bonds, mwenye homurani nyingi kuliko wote, alipokwama kwa sababu ya tuhuma za dawa: mwaka wake wa 10, 2022, alipata asilimia 66 na safari yake kwa waandishi ikaishia hapo. Pujols alicheza sehemu ya zama zile zile na hakuwahi kupatikana na kosa hilo. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya Roberto Clemente, inayotolewa kwa kazi ya jamii. Hili mimi huliandika kando, kwa sentensi, sio kwa pointi. Anayejaribu kuligeuza namba hudanganya.

Ukitaka kuwaweka mwanao na mwenzako kwenye meza moja, wape karatasi yenye safu 5: msimu, umri, OPS+, WAR, na mechi alizocheza. Safu ya mechi usiiache, maana msimu wa WAR ndogo kwa sababu ya majeraha si sawa na msimu wa WAR ndogo wa mtu aliyecheza kila siku vibaya. Wazungushie duara misimu 7 bora. Wachore mstari wenyewe pale wanapoona kushuka kumeanza, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe mistari. Mara nyingi watatofautiana kwa msimu mmoja tu.

Wakimaliza Pujols, wape Miguel Cabrera wa Detroit, aliyestaafu 2023. Huyu ni mgumu zaidi. Mwaka 2012 alishika taji la mara tatu, akiongoza ligi kwa wastani wa .330, homurani 44 na mikimbio 139, jambo lisilotokea tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Mstari wake unaanguka baada ya 2016, akiwa na hiti 2,519, homurani 446 na wastani wa .321. Misimu 7 iliyofuata ilimwongezea hiti 655 na homurani 65, ikamvusha 3,000 na 500, na ikamshusha hadi .306. Tofauti na Pujols, namba zake zote mbili za duara ziko chini ya mstari. Waulize kama juu ya mstari peke yake panatosha. Mimi nasema panatosha, kwa nafasi ndogo kuliko Pujols, na kura yake ni 2029.